Cheni isitoke: mwongozo kamili kwa baiskeli za barabara na za mbio za saa zenye gia moja mbele

Derela ya mbele ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: kuhamisha cheni kutoka gia moja ya mbele kwenda nyingine. Ya pili haisemwi sana. Keji yake ilikuwa ukuta, bapa moja ndani na jingine nje, na cheni iliyotaka kukimbia iligonga hapo ikarudi mahali pake. Anayejenga baiskeli ya gia moja mbele huondoa kazi zote mbili kwa mkupuo mmoja. Anafurahia uzito uliopungua na hewa inayopita vizuri, kisha siku ya mashindano, kwenye barabara yenye viraka, cheni inachomoka.

Wala hili si tatizo la wanaoanza peke yao. Tarehe 27 Mei 2023, siku moja kabla ya Giro d'Italia, mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia, kumalizikia Roma, Primož Roglič wa Slovenia alikuwa akipanda Monte Lussari katika mbio za mmoja mmoja dhidi ya saa. Baiskeli yake ilikuwa na gia moja mbele yenye meno 42 na kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, ya meno 10 hadi 44. Cheni ikatoka akiwa mlimani. Akashuka, akairudisha kwa mkono, akasukumwa, akaendelea. Alishinda hatua hiyo na kutwaa Giro kwa tofauti ya sekunde 14 tu mbele ya mshindani wake Geraint Thomas. Kama inatokea kwa mtu mwenye mafundi wa kiwango kile, sisi wengine tunapaswa kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Ninachoshikilia ni hiki: cheni ina sababu kila inapotoka, na sababu hiyo inaweza kutafutwa. Watu wengi hukimbilia kununua kizuizi cha cheni kwanza, kile kipande kinachofungwa kwenye fremu kando ya gia ya mbele ili cheni isianguke. Kizuizi ni kizuri, na nitakifikia, lakini kikifungwa juu ya baiskeli yenye kasoro kinaficha ugonjwa tu. Anza na chanzo.

Cheni inatokaje hasa

Ukiwa unakanyaga, sehemu ya juu ya cheni, kati ya kaseti na gia ya mbele, imevutwa na miguu yako. Hapo haitoki kirahisi. Sehemu ya chini haina nguvu hiyo; inashikwa na springi ya derela ya nyuma peke yake. Sasa acha kukanyaga. Papo hapo sehemu ya juu nayo inabaki mikononi mwa springi ile ile. Gonga shimo wakati huo: keji ya derela inarushwa mbele, cheni inapata ulegevu wa ghafla, inapigapiga juu na chini, na pingili chache zinanyanyuka kutoka kwenye meno ya gia ya mbele. Ukirudi kukanyaga, pingili zinaingia pembeni ya jino badala ya juu yake, na mzunguko mmoja wa pedali unamaliza kazi.

Kwa hiyo mambo mawili lazima yakutane: cheni ilegee, na cheni iwe imekaa mshazari. Cheni iliyonyooka hata ikilegea kidogo hurudi kwenye meno yake. Cheni ya mshazari ikikazwa vizuri huvumilia. Vyote viwili vikiwepo pamoja, unasubiri shimo tu.

Hatua ya 1: Soma dalili kabla ya kushika spana

Cheni ikitoka, jiulize maswali matatu kabla hujairudisha. Imeangukia upande gani, ndani kuelekea fremu au nje kuelekea pedali? Ilikuwa kwenye gia gani ya nyuma? Na ulikuwa unafanya nini: unakanyaga, umeacha pedali, unabadilisha gia, au unazungusha pedali kinyumenyume?

Majibu hayo yanakuonyesha pa kuanzia. Ikiangukia ndani ukiwa kwenye gia kubwa ya nyuma, hasa ulipozungusha pedali kinyume, mtuhumiwa wa kwanza ni mstari wa cheni, yaani jinsi gia ya mbele inavyolingana na za nyuma: gia ya mbele imekaa nje mno. Ikiangukia nje ukiwa kwenye gia ndogo, kwa kasi, juu ya barabara mbovu, angalia mkazo wa derela na urefu wa cheni. Ikitoka mara tu unapoacha pedali hata kwenye lami laini, chunguza friwili, sehemu ya gurudumu la nyuma inayoliacha lizunguke pedali zikiwa zimesimama. Na ikitoka ukiwa unakanyaga kwa nguvu kwenye barabara nzuri, hapo meno ya gia ya mbele au cheni yenyewe vimelika, au kuna pingili iliyopinda au kukakamaa.

Ziandike dalili hizo. Fundi atakayeambiwa "ilitoka kwa ndani, gia ya meno 28, nikiwa nimeacha pedali" ataanza kazi akiwa tayari amefika nusu ya njia.

Hatua ya 2: Gia ya mbele iwe ile iliyotengenezwa kwa kazi hii

Gia za mbele za mfumo wa gia mbili zina meno mafupi, na ile kubwa huwa na ngazi na vipini ubavuni. Vyote hivyo vimewekwa ili cheni iweze kupanda na kushuka kwa urahisi. Ukiichukua gia hiyo ukaifunga peke yake bila derela ya mbele, umefunga kitu ambacho waliokibuni walikusudia kiiachie cheni. Kama huna budi kuitumia kwa muda, basi kizuizi cha pande zote mbili si cha hiari.

Gia ya kweli ya mfumo huu ina meno marefu yanayopishana, moja jembamba, moja pana. Mantiki yake imo ndani ya cheni: pingili zenye mabapa ya ndani zina nafasi finyu, zenye mabapa ya nje zina nafasi pana. Jino pana linajaza ile nafasi pana, kwa hiyo cheni haina pa kuyumba. Muundo huu ulienea baada ya SRAM kuutoa mwaka 2012 katika mfumo wake wa XX1 wa baiskeli za milimani, na leo umejaa hata kwenye baiskeli za lami. Kwa kuwa meno yanapishana mawili mawili, gia za aina hii huwa na idadi shufwa ya meno: 42, 48, 54, 60.

Hakikisha pia kwamba gia na cheni ni za familia moja. Cheni za barabara za SRAM zenye mgongo bapa, za kaseti ya gia 12, zina rola nene kuliko za cheni nyingine, na zinataka gia iliyochongwa kwa ajili yake. Cheni isiyolingana na meno hukaa juu juu, haizami hadi chini ya bonde la jino, na hapo umeanza safari ukiwa umeshapoteza nusu ya kinga.

Kisha kagua uchakavu. Kwenye gia ya aina hii usitazame ncha tu. Tazama mabega ya yale meno mapana, yaani pande zinazogusana na mabapa ya nje. Yakiwa yamepungua unene, gia inaweza kuonekana nzima kwa mbali na bado imepoteza uwezo wake wa kushika. Jaribu kuitikisa cheni kushoto na kulia kwa vidole sehemu ya mbele kabisa ya gia. Ukilinganisha na gia mpya utaiona tofauti.

Jambo moja dogo linalosahaulika: zungusha kranki (mikono inayoshika pedali) taratibu huku ukitazama meno yakipita karibu na alama isiyosogea, kwa mfano tai ya plastiki iliyofungwa kwenye fremu. Gia inayoyumba huku na huko inaichezesha cheni kila mzunguko. Mara nyingi ni boliti zilizolegea au uchafu uliobaki katikati ya gia na mkono wa kranki. Fungua, safisha, kaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji.

Hatua ya 3: Mstari wa cheni

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo baiskeli nyingi za gia moja huwa na kosa la kudumu. Mtu anachukua kranki ya gia mbili, anatoa gia ndogo, anaacha kubwa mahali pake. Lakini mahali pake palikuwa nje. Kwenye kranki za kawaida za barabara, katikati ya gia zote mbili ndipo panapolingana na katikati ya kaseti, takriban milimita 43.5 hadi 45 kutoka katikati ya fremu. Gia ya nje imekaa milimita tatu au nne zaidi ya hapo. Kwenye gia ndogo za nyuma hutaona tatizo. Ukipanda mlima na gia kubwa ya nyuma, cheni inavutwa kwa pembe kali kuelekea ndani.

Kaseti ya gia 11 ina nafasi ya milimita 3.74 kati ya gia na gia. Kutoka katikati hadi ukingoni ni karibu milimita 19. Ongeza milimita tatu au nne za gia ya mbele iliyokaa nje, na ukumbuke kuwa fremu za barabara na za mbio za saa zina mabomba mafupi ya nyuma, kwa hiyo mshazari huo wote unatokea ndani ya umbali mfupi.

Kupima kwa kutumia katikati ya bomba la siti ni kazi ngumu kwenye fremu za mbio za saa, kwa kuwa mabomba yake si duara. Njia ninayoipendelea ni ya rula ndefu iliyonyooka, ya sentimita 50 au zaidi. Ilaze ubavuni mwa meno ya gia ya mbele, iguse meno mawili yaliyo mbalimbali, na ncha yake ifike kwenye kaseti. Tazama inaelekeza gia gani. Hiyo ndiyo gia ambayo cheni yako imenyooka kabisa. Kwenye kaseti ya gia 11, ikielekeza gia ya tano au ya sita ukihesabu kutoka ndogo, uko vizuri. Ikielekeza ya tatu, umejua kwa nini cheni inatoka mlimani.

Lakini katikati ya kaseti si lazima iwe lengo la kila mtu. Lengo ni gia unazozitumia. Tuchukue mpanda baiskeli wa mbio za saa anayekwenda kilomita 45 kwa saa akizungusha pedali mara 95 kwa dakika, na tairi lenye mzunguko wa mita 2.1. Akiwa na gia ya mbele ya meno 54, atakuwa kati ya 14 na 15 nyuma. Kwenye kaseti ya 11 hadi 28 hizo ni za nne na tano. Akifunga ya meno 60, kasi ile ile inamweka kati ya 15 na 17, yaani ya tano na ya sita, katikati kabisa. Hii ni sababu mojawapo ya gia za mbele za mbio za saa kuwa kubwa kiasi kile: cheni inanyooka, msuguano unapungua, na hatari ya kutoka inapungua pia. Kwa mbio tambarare, basi, nyoosha mstari kwenye gia ya tano. Kwa barabara zenye milima, nyoosha kwenye ya sita au hata ya saba.

Kurekebisha kunategemea kranki. Kama gia imefungwa kwa boliti, vibati vya washa vya nusu milimita au milimita moja vinaweza kuisogeza ndani. Kama imekaa moja kwa moja kwenye mhimili wa kranki, unanunua gia yenye mkunjo tofauti. Vyovyote iwavyo, acha nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya meno na bomba la nyuma la fremu. Fremu na kranki hupinda ukisimama kwenye pedali, na meno yanayokwangua kaboni yataigharimu fremu kuliko cheni iliyotoka.

Hatua ya 4: Urefu wa cheni, na umri wake

Cheni ndefu mno ni cheni iliyolegea kabla hujatoka nyumbani. Ipime hivi: izungushe kwenye gia ya mbele na gia kubwa kabisa ya nyuma bila kuipitisha kwenye derela. Pale ncha zinapokutana, ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kata hapo. Baada ya kuifunga, hamia gia kubwa ya nyuma uone keji haijanyoshwa hadi mwisho, kisha hamia ndogo uone sehemu ya chini haining'inii.

Wapo wanaobadilisha gia ya mbele kulingana na mbio: 58 kwa tambarare, 50 kwa milima. Cheni hukumbatia nusu ya gia ya mbele, kwa hiyo tofauti ya meno 8 ni pingili 4. Kila pingili ni milimita 12.7. Ukishuka kutoka 58 kwenda 50 na cheni ile ile, umeongeza karibu sentimita 5 za cheni ambazo springi ya derela lazima izimeze. Weka cheni mbili, kila moja na gia yake. Zitakaa muda mrefu zaidi pia, maana kila cheni inalika sambamba na meno yake.

Kuhusu uchakavu: kwa mifumo ya gia 11 hadi 13, badilisha kipimo kikifika asilimia 0.5. Kama huna kipimo, pima kwa rula kutoka pini hadi pini, pingili 24. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 306.3, muda wake umekwisha. Cheni iliyochakaa hurefuka na pia hulegea ubavuni. Ishike kwa mlalo, pini zikiwa zimesimama wima, mkono mmoja kila upande, uone inavyopinda kuelekea chini ukilinganisha na mpya. Ikipinda sana, meno mapana hayana tena cha kushika.

Pitisha vidole pia kwenye pingili zote ukitafuta iliyokakamaa. Wanaopaka nta wawe waangalifu hapa: cheni iliyotoka kwenye nta ya moto na kupoa ni ngumu, na lazima ikunjwekunjwe pingili kwa pingili kabla ya kufungwa. Pingili ngumu haikunjiki vizuri inapopita kwenye vigurudumu vya derela, na hufika kwenye gia ya mbele ikiwa imenyanyuka.

Hatua ya 5: Mkazo wa derela ya nyuma

Derela yenye klachi, yaani kifaa cha msuguano ndani yake, inakataa keji yake kurushwa mbele. Hiyo ndiyo dawa ya moja kwa moja ya ule ulegevu wa ghafla nilioueleza juu. Shimano wameiweka kwenye derela zao za GRX, na waliiweka kwenye Ultegra RX ya mwaka 2018. Campagnolo Ekar ya gia 13 inayo. SRAM kwenye derela zao za kielektroniki za barabara, AXS, wanatumia kitulizaji cha majimaji: keji ikisogea taratibu inapita, ikisukumwa kwa ghafla inapata upinzani.

Kama klachi yako ina kiwashio, hakikisha kimewashwa. Naliandika hili bila aibu, kwa sababu huzimwa wakati wa kutoa gurudumu, na kwenye mbio za saa gurudumu hubadilishwa dakika za mwisho kuweka la diski, lile lililozibwa lote bila spoki. Liweke kwenye orodha ya ukaguzi wa mwisho.

Derela za kawaida za barabara zisizo na klachi, kama Dura-Ace R9200 ya Shimano, bado zinatumika sana kwa gia moja kwenye mbio za saa. Zinaweza kufanya kazi, kwa masharti: kaseti iwe finyu, 11 hadi 28 au karibu na hapo, keji iwe fupi kadiri kaseti inavyoruhusu, na kizuizi kiwepo.

Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa peke yake. Keji zenye vigurudumu vikubwa, zinazonunuliwa kupunguza msuguano, baadhi zina matundu kadhaa ya kushikia springi. Tundu la mkazo mdogo linaokoa wati kidogo sana na linaiacha cheni ikichezacheza. Kwenye baiskeli ya gia moja, tumia tundu la mkazo mkubwa. Wati chache za springi hazilingani na nusu dakika ya kusimama pembeni ya barabara.

Hatua ya 6: Friwili inayovuta

Huyu ni mkosaji asiyeshukiwa. Friwili ikizunguka kwa uzito, pale unapoacha pedali kaseti inaendelea kusukumwa na gurudumu na kuipeleka cheni ya juu mbele. Cheni inajikunja kwa juu, kati ya kaseti na gia ya mbele, hata kama derela yako ni nzuri kuliko zote. Gurudumu la diski, ambalo lina uzito zaidi na linaendelea kuzunguka kwa nguvu, hulifanya jambo hili kuwa baya zaidi.

Jaribio ni rahisi. Baiskeli ikiwa kwenye stendi, weka gia ndogo ya nyuma, zungusha pedali kwa kasi, kisha zizuie ghafla kwa mkono. Tazama sehemu ya juu ya cheni. Ikibaki imenyooka, sawa. Ikilala au kuruka juu, friwili inavuta. Dalili nyingine: zungusha gurudumu kwa mkono kuelekea mbele, kama kranki nayo inafuata bila kusimama, mvuto ni mkubwa.

Chanzo mara nyingi ni grisi nzito iliyowekwa mahali panapotaka mafuta mepesi, sili iliyokauka, au beringi zilizokazwa kupita kiasi. Fungua, safisha, paka kile tu kinachopendekezwa na mtengenezaji, kwa kiasi kidogo. Fanya hivi kwenye magurudumu ya mashindano pia. Hukaa kabatini muda mrefu, na sili zake hukauka humo humo.

Hatua ya 7: Hanga na marekebisho ya gia

Hanga, kile kipande kidogo cha fremu kinachoshika derela ya nyuma, kikipinda huigeuza derela upande, na cheni huingia kwenye kaseti ikisitasita. Fundi mwenye kipimo cha hanga hulinganisha umbali hadi kwenye rimu katika pande nne. Tofauti isizidi milimita 4. Ukimaliza, rekebisha ubadilishaji wa gia, tena ukiwa na gurudumu lile lile utakaloshindana nalo. Kaseti kwenye gurudumu la mazoezi na kaseti kwenye diski huweza kupishana kwa sehemu ya milimita, na hiyo inatosha kuifanya cheni isite kati ya gia mbili. Kibati chembamba nyuma ya kaseti moja kinazisawazisha.

Hatua ya 8: Sasa funga kizuizi

Watengenezaji wengi watakuambia kwamba gia ya meno membamba na mapana pamoja na klachi vinatosha. Kwa matembezi ya kawaida, nakubali. Kwa baiskeli ya mashindano, na hasa ya mbio za saa ambako kusimama mara moja kumemaliza siku, nafunga kizuizi kila mara. Ni gramu chache.

Vipo vya aina tatu. Kidole kimoja cha ndani, ambacho huzuia kuangukia kwenye fremu tu. Keji kamili inayofunika cheni kwa juu, ndani na nje. Kampuni za K-Edge na Wolf Tooth wanazitengeneza, na ndiyo ninayoipendekeza. Ya tatu ni mbinu ya zamani ya wanatriathloni: acha derela ya mbele mahali pake bila waya, kisha tumia skrubu zake za mipaka kuikaza isisogee, keji ikiwa juu ya gia yako. Si nzuri kwa macho, ila inafanya kazi, na kwa fremu yenye sehemu ya kufungia derela haikugharimu chochote.

Kuiweka sawa ni kazi ya subira:

1. Hamia gia kubwa kabisa ya nyuma. Sogeza kizuizi hadi bapa la ndani liache karibu milimita moja na cheni.
2. Hamia gia ndogo kabisa. Angalia nafasi ile ile kwa bapa la nje.
3. Kimo kiwe milimita mbili hadi tatu juu ya meno. Kikiwa juu zaidi, cheni inapata mlango wa kupita chini yake.
4. Kaza boliti kwa kipimo cha fremu, ukiweka gundi kidogo ya nyuzi za skrubu ili mitetemo isiilegeze.
5. Panda, simama kwenye pedali kwa nguvu katika gia zote mbili za ukingoni, usikilize. Ikigusa, sogeza kidogo kidogo.

Kizuizi kinachogusana na cheni muda wote kinaonyesha kwamba Hatua ya 3, ya mstari wa cheni, haijakamilika. Rudi kwenye rula.

Jaribu kabla ya kuamini

Kwenye stendi, weka gia kubwa ya nyuma na uzungushe pedali kinyumenyume mizunguko kumi ya taratibu. Cheni ikianza kupanda juu ya meno au kushuka kwenye gia nyingine, mstari bado. Kisha shusha baiskeli, inyanyue nyuma kiasi cha kiganja na uiachie itue kwenye tairi, katika gia ndogo, ya kati na kubwa. Mwisho ni barabara mbovu unayoijua, pedali zikiwa zimesimama, kasi ikipanda polepole. Fanya jaribio hili la barabara ukiwa umekiondoa kizuizi. Baiskeli ikipita bila kizuizi, kirudishe, na hapo kitakuwa akiba ya kweli.

Ukiwa juu ya baiskeli

Ukiona shimo, reli au tuta, usiache pedali. Endelea kukanyaga kwa wepesi, kiasi tu cha kuikaza cheni ya juu. Badilisha gia kabla ya kufika au baada ya kupita, kamwe si juu ya kikwazo. Ukitoka kwenye mteremko mrefu uliouteremka bila kukanyaga, anza na robo mzunguko laini kabla ya kutia nguvu, ili pingili yoyote iliyonyanyuka ipate kukaa.

Na jihadhari kwenye jukwaa la kuanzia. Umeshikiliwa kutoka nyuma, unataka mguu wako mzuri uwe mbele, unazungusha pedali kinyume ili kuupanga. Kwenye gia kubwa ya nyuma hapo hapo cheni inaweza kutoka, na hutajua hadi uhesabiwe hadi sifuri. Panga pedali kabla ya kupanda jukwaa, na uwe tayari kwenye gia ya katikati.

Ikitoka hata hivyo

Acha kukanyaga mara moja. Ukilazimisha, cheni iliyonasa kati ya gia na fremu inakwangua kaboni na kupinda. Simama pembeni, sukuma keji ya derela mbele ili upate ulegevu, panga cheni juu ya meno ya juu ya gia ya mbele, zungusha pedali mbele nusu mzunguko.

Hapa gia ya meno yanayopishana ina sharti lake: bapa la nje likae kwenye jino pana. Ukikosea kwa pingili moja, cheni inakaa juu ya meno mapana bila kuzama, na itatoka tena ndani ya mita chache. Kiungo cha kufungulia cheni kina mabapa ya nje, kwa hiyo daima kinakaa kwenye jino pana. Tia nukta ya rangi nyeupe kwenye jino pana mojawapo, na kwenye mabapa ya nje machache kando ya kiungo hicho. Mikono ikitetemeka na mapigo ya moyo yakiwa juu, utazilinganisha kwa jicho moja.

Ukifika, usiitundike baiskeli kabla ya kuipitisha cheni yote mkononi, pingili kwa pingili, ukitafuta bapa lililopinda au pini iliyosogea. Ukiipata moja, badilisha cheni nzima, maana pingili hiyo itapita kwenye gia ya mbele mara nyingi kila dakika, na kila ikipita itajaribu kutoka.